Mizunguko ya Ng'ombe wa Saba

Siku ya 1 ya kuhesabu

Leo tumeinua mganda wa kwanza wa shayiri. Pa kuupeleka hatuna, maana hekalu limenajisiwa huu mwaka wa tatu na juu ya madhabahu watu wa mfalme wa Shamu wanachoma nguruwe. Basi tumeuinua hapahapa Kefar-Alim, kwenye uwanja wa kupuria wa mdogo wangu Yakimu. Nusu ya kijiji hawakuja. Wao wanahesabu kwa mwezi na waliinua wa kwao siku tano zilizopita. Wametupita wakicheka chinichini, kana kwamba tumechelewa harusini. Mwaka wetu sisi ni majuma hamsini na mawili kamili, hauzidi wala haupungui. Kuanzia leo tunahesabu siku hamsini mpaka sikukuu ya mkate mpya wa ngano, na safari hii hatungojei ngano peke yake.

Naandika kwenye vipande vya ngozi vinavyokatwa pembeni mwa magombo. Mwalimu Shefatya huagiza vichomwe. Mimi naona ni upotevu.

Siku ya 2

Gombo tunalolinakili ni la Uziya bin Mikaya, mfungwa aliyechukuliwa kwenda Babeli zamani za mababu wa mababu zetu. Huko, kando ya mfereji, alioneshwa uwanja wa kupuria mpana kama dunia, na ng'ombe saba wakiingizwa mmoja mmoja kukanyaga nafaka. Nafaka ni sisi. Ng'ombe ni falme: Ashuru, Babeli, Umedi, Uajemi, kisha yule Mmakedonia aliyekanyaga kwa kukimbia, kisha Misri, na wa saba ni huyu wa Shamu anayetukanyaga leo. Kila ng'ombe alihesabiwa mizunguko yake kabla hajazaliwa. Akiimaliza, Mwenye Uwanja humshika pembe na kumtoa nje. Wa saba atatolewa mwaka wa tatu wa unajisi, siku ya mkate mpya. Hiyo ni siku ya hamsini kuanzia jana.

Gombo lenyewe la kale halishikwi na mtu. Mwalimu hukaa nalo nyuma ya pazia, chumba cha ndani, akisoma kwa sauti, nami niko upande huu na kalamu yangu ya tete. Anasema limechakaa, likipigwa na mwanga litapukutika. Nina miaka ishirini katika kazi ya uandishi. Nimenakili hati za ndoa, talaka na ugomvi wa visima mpaka vidole vikaota sugu, na sijawahi kupewa kazi ninayoionea fahari kama hii.

Siku ya 5

Yakimu alikuja na dengu alizopika mkewe, akaketi kizingitini kwangu huku miguu ina vumbi la shamba.

"Kaka, huyo ng'ombe wako wa saba anakunya?"

"Ondoka hapa."

"Nauliza kwa wema. Mimi wangu nikimweka uwanjani asubuhi, ikifika adhuhuri napepeta ngano na mavi pamoja. Uziya amesema nini juu ya hilo?"

"Hakulitaja."

"Basi huyo hajawahi kupura hata mtama wa kulisha kuku."

Nilimtupia sandali. Yakimu anadhani kila kitu duniani kimewekwa ili yeye apate cha kuchekea, na kinachoniudhi zaidi ni kwamba na mimi hucheka.

Siku ya 8

Jana ilikuwa Sabato, sikuandika. Askari wa mfalme wamefika kijiji kilicho saa mbili kutoka hapa kwa miguu. Wamejenga madhabahu penye kisima, wakawapanga wazee na kuwalazimisha kutafuna nyama ya nguruwe. Waliokataa hawakurudi nyumbani.

Yakimu amesema atavuka Yordani na mkewe Shapira na watoto wote watatu, waende Gileadi kwa shemeji zake. Nikamwuliza, na ngano je?

"Ngano atavuna atakayekuwa hai, kaka."

Alisema bila mzaha, nami sikuwa nimemzoea hivyo.

Siku ya 9

Nilikwenda kwake na safu nilizokwisha kunakili nikamsomea, Shapira akiwa anakanda unga. Nilimwonesha jinsi ng'ombe wanavyofuatana na jinsi hakuna hata mmoja aliyezidisha mzunguko. Nilimwambia zimebaki siku arobaini na moja tu. Mtu gani anakimbia siku arobaini na moja kabla ya mlango kufunguliwa, akawalaze watoto kwenye mapango ya watu?

Shapira aliuliza, "Shemeji, na kama siku ikipita?"

"Haijapita hata mara moja. Sita zimetimia zote."

Yakimu alisema atafikiri. Hogla, kitinda mimba wao wa miaka mitano, aliniomba nimchoree ng'ombe. Nilimchorea kwa mkaa sakafuni, akasema ni mbuzi.

Siku ya 13

Upepo wa mashariki. Wino unakauka kabla haujagusa ngozi.

Siku ya 17

Upepo. Yakimu bado yupo. Anavuna shayiri ya mwisho na hasemi habari za Gileadi.

Siku ya 20

Leo nimesoma mbele ya mkutano. Mzee Berekya, ambaye hata mazishi ya mkewe hayakumtoa chozi, alilia hadharani, na wanawe wawili wakamshika mikono. Wengine waliniomba nirudie pale Mwenye Uwanja anaposema, "Punje zangu nimezihesabu." Baadaye Mwalimu aliniwekea mkono kichwani na kuniita mwanangu. Baba yangu hakuwahi kuniita hivyo mbele za watu, na nina miaka arobaini kasoro miwili. Sioni haya kusema nimefurahi.

Siku ya 24

Tumefika kwa ng'ombe wa saba. Mwalimu alisoma jinsi atakavyoleta ukame mwaka wa kumi na moja wa kukanyaga kwake, na jinsi atakavyomweka mtu mwenye chongo kutoza ushuru kwenye lango la kusini. Ukame ule ulitukausha visima mwaka juzi, na yule mwenye chongo alinipora punda mimi mwenyewe. Uziya aliviona vyote akiwa Babeli, miaka mia nne kabla!

Siku ya 26

Leo nilikuwa napiga mistari kwenye ngozi mpya, na wazo lilinijia bila kukaribishwa. Ng'ombe wa pili, Babeli, ndiye aliyemkanyaga Uziya mwenyewe mgongoni. Amepewa mistari minne. Jina la mfalme wake halimo. Wa saba, ambaye Uziya asingemwona hata akiishi miaka mia tatu, ana safu tatu nzima na chongo la mtoza ushuru.

Nimejiambia kwamba nabii huona mbali kuliko karibu, kama wazee wanavyoona vilima lakini hawaoni sindano. Nimerudi kwenye mistari yangu.

Siku ya 29

Ngano inabadilika rangi. Yakimu amenoa mundu.

Siku ya 33

Sijui kama niliandike hili. Nitaandika kisha nitaona.

Mtu anayesoma gombo kwa sauti ana mwendo wake. Anamaliza safu, ananyamaza, unasikia ngozi ikikwaruza anapoikunja kwa mkono wa kulia na kuikunjua kwa wa kushoto. Anatafuta mstari, anaendelea. Kunyamaza kwake huangukia popote, hata katikati ya jina, maana safu haijui habari ya maana. Nimewaandikia wasomaji wengi na wote wako hivyo.

Leo Mwalimu alisema, "Naye ng'ombe atainamisha kichwa," akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Hapana. Andika: naye ng'ombe ataikataa kamba."

Nikakwangua, nikaandika. Halafu mkono ukasimama. Gombo la miaka mia nne halisemi hapana. Nikaanza kusikiliza, na nikagundua kwamba Mwalimu hunyamaza kila wazo linapokwisha, si kila safu inapokwisha. Na ile ngozi haijakwaruza. Miezi minne sasa nakaa mbele ya pazia lile, na sijasikia hata siku moja gombo likikunjuliwa nyuma yake.

Siku ya 36

Nimemwuliza. Nilingoja kijana anayejifunza uandishi kwetu aende kuchota maji, nikasema, "Mwalimu, gombo lina safu ngapi?"

Akasema kutoka nyuma ya pazia, "Umeanza lini kunisikiliza badala ya kuandika?"

Akalivuta pazia mwenyewe. Palikuwa na kigoda, mtungi wa maji, na mkeka. Na yeye, mzee wa watu, amejikunja na mikono magotini.

"Liko wapi?" nikasema.

"Keti, Hashavya."

"Liko wapi, Mwalimu?"

"Ningesema ni mimi, wangeuliza Shefatya gani? Yule anayekoroma kwenye maombi? Wewe mwenyewe ungekaa miezi minne kumwandikia Shefatya?"

Nisingekaa.

Akaniambia mengi. Alisema hakudanganya hata ng'ombe mmoja, wote walikanyaga kama ilivyoandikwa, na wote walitolewa. Alisema mtu anayepigwa bila kujua idadi ya fimbo huingiwa na wazimu, lakini ukimwambia ni arobaini na hii ni ya thelathini na tisa, atasimama wima. "Watu wetu wanapigwa, mwanangu, na hakuna anayewahesabia." Alisema anapofumba macho pale kigodani anasikia maneno, hajui yanaanzia kwake au kwa Uziya, na hata kama mfungwa huyo anaitwa Uziya kweli hana hakika.

"Na siku ya hamsini?" nikamwuliza. "Hiyo umeisikia au umeitunga?"

Hapo ndipo aliponishika mikono yote miwili. "Wajukuu zangu wanne watasimama uwanjani siku hiyo, mkono kwa mkono na watoto wa Yakimu. Ningeweka damu yangu juu ya hesabu nisiyoiamini?"

Nilimtazama machoni. Yalikuwa makavu na hayakuyumba. Nimerudi kwenye kalamu, nikaandika mpaka jioni, na sijamwambia mtu.

Siku ya 38

Binti wa Mwalimu amepita na punda watatu na wale watoto wanne, wanakwenda kwenye harusi kwa jamaa walioko Misri. Mwalimu anasema watarudi kabla ya siku. Punda walikuwa wamebeba sana. Harusi ina zawadi nyingi, nadhani.

Siku ya 40

Moshi upande wa kaskazini. Hakuna aliyeuliza ni wa nini.

Siku ya 43

Yakimu amekuja saa ambayo watu hulala kukwepa jua. Nje kulikuwa na punda wake, amefungwa mizigo: magodoro, mtungi wa mafuta, kikapu cha kuku. Kumbe Shapira alikuwa amefunga kila kitu tangu juzi.

Hakuketi. Alisimama mlangoni, kofia mkononi kama mtu aliyeitwa na mkubwa.

"Kaka, nikuulize kitu kimoja tu, halafu sitakusumbua tena. Hilo gombo la zamani. Umeliona kwa macho yako?"

Nilifikiri mambo mengi kwa muda mfupi. Nilifikiri fimbo ya thelathini na tisa. Nilifikiri wajukuu wanne watakaosimama uwanjani. Nilifikiri pia, na hili naliandika ili nisije nikajifanya sikulifikiri, kwamba kijiji kizima kingejua miezi minne nimekaa mbele ya pazia tupu kama mjinga.

"Nimeliona," nikamwambia.

Alinitazama kidogo, kisha akatabasamu lile tabasamu lake. "Basi ngoja nikamfungue punda kabla hajanishtaki kwa Mwenye Uwanja." Akaondoka.

Siku ya 45

Joto. Sikula.

Siku ya 48

Ngano imeingia uwanjani karibu yote. Wanawake wamefua nguo nyeupe na kuzianika kwenye miiba, mlima wote umekuwa mweupe. Binti wa Mwalimu hajarudi. Nilimwuliza Mwalimu, akasema njia ni ndefu. Kesho ni Sabato, kesho kutwa ndiyo siku. Mimi sasa natamani kuamini kuliko nilivyoamini siku ile ya mwanzo. Naona aibu kuliandika, lakini ndivyo nilivyo.

Siku ya 53

Naendelea kuhesabu kwa sababu mkono umezoea.

Nitaandika mara moja tu. Tulipanda uwanjani alfajiri, watu kama mia mbili, nyeupe tupu, hakuna hata mwenye mundu. Gombo lilisema msiinue mkono, maana anayemtoa ng'ombe ni Mwenye Uwanja peke yake. Nilipanda juu ya jiwe nikasoma. Mwalimu alikuwa mbele kabisa. Mikate miwili mipya ilikuwa juu ya kitambaa, bado ina moto. Nilifika ng'ombe wa tano ndipo niliposikia kwato, na sitasahau kwamba watu waligeuka wakitabasamu. Walidhani ndiyo yenyewe. Berekya alipiga kelele za shangwe.

Askari walikuwa wametuona tokea barabarani. Walikuwa wachache, thelathini labda. Watu mia mbili wangeweza kuwashusha farasini kwa mawe na uma za kupepetea, lakini kila mtu alisimama mikono chini kama tulivyowafundisha. Kama nilivyowafundisha.

Yakimu alimsukuma Shapira na watoto wawili wadogo ndani ya lundo la makapi. Akarudi kumfuata Zavudi, mwanawe wa kwanza, miaka kumi na miwili, aliyekuwa amesimama wima na macho ameyafumba akingoja. Tuliporudi tulikuta mkono wa Yakimu umemkumbatia. Ilibidi tuwazike hivyohivyo.

Mimi nilikimbia. Nilishuka nyuma ya jiwe nikakimbia mpaka kwenye mizeituni, na gombo nikiwa nalo kwapani. Mtu mwingine yeyote angelitupa.

Tumewazika thelathini na mmoja. Wana wote wawili wa Berekya wamo.

Siku ya 58

Matanga yamekwisha jana. Leo nimekwenda kwa Mwalimu na lile gombo. Sikupita njia ya kawaida, nilipita nyumbani kwa binti yake, nikidhani labda wamerudi. Mlango umefungwa kwa mbao. Jirani, mwanamke mmoja wa wale wanaohesabu kwa mwezi, alikuwa anapepeta dengu kando ya ukuta.

"Hao hawarudi," akasema. "Walichukua mpaka jiwe la kusagia. Umeona wapi mtu anakwenda harusini na jiwe la kusagia?"

Mwalimu alikuwa amelala, bega limefungwa vitambaa. Upanga ulimpata, kwa hiyo siwezi kusema hakusimama. Nilisema neno moja tu, "Misri."

Alifumba macho. "Mimi nilisimama, Hashavya. Nilikuwa tayari kufa kwa ajili ya siku ile."

"Uliniambia watasimama wao."

"Nilitaka wasimame. Nilijaribu. Ilipofika usiku wa kuamkia safari niliwatazama wamelala, sikuweza."

"Yakimu alikuwa na watatu, Mwalimu. Na wake walikuwa wanalala vilevile."

Nilitaka alie, au anitukane, au aseme mjinga ni mimi. Angefanya lolote kati ya hayo ningepata pa kushika. Badala yake alinyoosha mkono usioumia chini ya mto, akatoa kisu cha kukwangulia. Kisu changu, nilichokisahau kwake.

"Pale penye mkate mpya," akasema. "Kwangua. Andika divai mpya. Ni siku hamsini nyingine tu. Tulikosea mavuno, hatukukosea hesabu. Watu wamebaki hawana kitu, mwanangu, wape kitu."

Aliniita mwanangu kwa sauti ileile ya siku ya mkutano. Nilikuwa nimempenda mtu huyu kuliko baba yangu wa damu, na sasa nilitazama ule mdomo na sikujua ni neno lipi kati ya yote aliyowahi kuniambia lilikuwa la kweli. Hata lile la fimbo arobaini. Hata mkono kichwani. Sasa nayapitia moja moja kama mtu aliyeibiwa anavyopita nyumbani kukagua kilichobaki.

Niliacha gombo pale, nikaondoka na kisu.

Siku ya 61

Shapira hajaniambia neno tangu mazishi. Nilipeleka mafuta, akayapokea na kufunga mlango.

Siku ya 64

Jana, Sabato, nilisimama mkutanoni. Wamebaki wachache, na waliobaki walikaa mbalimbali kama kuna watu wengine katikati yao. Mwalimu aliletwa kwa machela. Gombo lilikuwa mezani. Nilipolifungua niliona amekwisha kukwangua mwenyewe kwa kisu kingine, kwa mkono usio wake wa kawaida. Ngozi ilikuwa imetoboka kidogo, na neno "divai" lilikuwa limepinda kama la mtoto anayeanza.

Sikusoma. Niliwaambia kwamba hakuna Uziya. Nikawaambia aliyetunga ni Shefatya, aliyenakili ni mimi, na kwamba nilijua tangu siku ya thelathini na tatu nikanyamaza. Nikawaonesha pale palipokwanguliwa.

Nilitegemea mawe. Nilikuwa nimejiandaa kwa mawe.

Mzee Berekya alinyanyuka kwa shida, akaja mpaka mezani. "Kama ni Shefatya aliyeandika," akasema, "wanangu wamekufa kwa ajili ya nini?"

"Sijui, mzee wangu."

"Hujui."

"Sijui."

Alikaa akinitazama muda mrefu, si kwa hasira. Ni kama mtu anayetazama fundi aliyebomoa ukuta na hana matofali. Kisha akanishika mkono akaniondoa mezani polepole, akaweka kidole chake juu ya lile neno lililopinda, akalibusu. "Nenda kakae, Hashavya," akasema. "Mwite yule kijana mwanafunzi atusomee. Aanzie penye divai."

Kijana akasoma. Walilia pale pale walipolia mwanzo. Mwalimu alikuwa anatazama dari, machozi yakimwingia masikioni, na bado sijui yalikuwa machozi ya nini. Naona uchungu kwamba alinidanganya. Naona uchungu zaidi kwamba nilisema kweli na hakuna aliyeihitaji.

Siku ya 66

Asubuhi nilikwenda kwa Shapira. Nilitaka asikie kutoka kwangu, na nisipojidanganya, nilitaka angalau mtu mmoja anitukane kama ninavyostahili.

Alikuwa nje anamfunga punda mizigo. Kaka zake wa Gileadi, wale shemeji za Yakimu, wamemtumia mtu wa kumvusha. Asafu, mwanawe aliyebaki, alikuwa anashika kamba, na Hogla amekwisha kupakiwa juu ya magodoro.

"Shemeji," nikasema, "nimewaambia watu wote. Lile gombo lilikuwa la uongo. Hakukuwa na Uziya."

"Nimesikia." Aliendelea kufunga.

"Nilijua kabla. Yakimu aliponiuliza, nilikuwa nimeshajua."

Mikono yake ilisimama kwenye fundo. Hakugeuka. "Unadhani Yakimu alikaa kwa sababu ya Uziya?" akasema. "Yakimu alikuwa anamcheka Uziya hapa kila jioni mpaka watoto wanashindwa kula. Hakumwamini hata siku moja, wala yeye wala Mwalimu wako. Siku ile aliporudi kumfungua punda nilimgombeza, nikamwambia una wazimu, unahatarisha watoto kwa ng'ombe wa ndotoni. Unajua alinijibu nini? Alisema, mke wangu, mimi ng'ombe siwajui. Lakini nimemwuliza kaka, na kaka hajawahi kuniambia uongo."

Akakaza fundo.

Nilisimama pale. Yule mtu wa Gileadi akampiga punda kidogo, wakaanza kushuka. Hogla aligeuka juu ya mizigo akanipungia.

"Baba mkubwa, huji na sisi?"

Mama yake ndiye aliyemjibu, bila kugeuka nyuma.

"Mwache. Baba mkubwa ana watu wa kuwasomea."